Padre Aliyepiga Mluzi Kwenye Fighi

Mpaka leo sitaki mtu apige mluzi karibu na jiko langu. Wajukuu wanadhani ni ukali wa uzee, nami nawaacha wadhani hivyo, kwa sababu ukali ninao kweli na sikuanza nao jana. Lakini mluzi ni jambo lingine. Mluzi wa sauti tatu, mbili za kupanda na moja ya kushuka, ukinikuta na kisu mkononi, kisu huanguka. Halafu mkono wenyewe, bila kuniuliza, huenda kutafuta birika.

Ugonjwa huo niliupata miaka ya hamsini, nilipokuwa mpishi wa Padre mmoja juu ya milima yetu ya Taita, upande ule unaotazama Voi. Misheni yenyewe haikuwa ya kujivunia. Kanisa la mawe lenye paa la bati, nyumba ya Padre, na jiko lililojengwa kando kwa sababu ya moshi. Ukisimama mlangoni siku isiyo na ukungu uliona nyanda zote chini: reli, mashamba ya mkonge, mlima wa Ndara ng'ambo ile, na vumbi jekundu la ndovu wakienda kunywa maji. Siku za namna hiyo hazikuwa nyingi. Mara nyingi tuliishi ndani ya ukungu, ukimwaga maji ya vyombo huoni yanakoangukia.

Mimi nilikuwa mjane mwenye watoto wadogo. Mume wangu alikuwa kibarua wa mkonge kule chini, akafa kwa homa, nikapanda kurudi kwetu na sufuria zangu kichwani. Padre alikuwa anatafuta mpishi. Yule aliyenitangulia, mwanamume mzima, alikimbia kwa sababu ya ndege.

Padre alikuwa mrefu, mwembamba, ndevu nyeupe zilizogeuka kahawia karibu na mdomo kwa ajili ya kiko. Alitoka Ulaya, huko kwenye baridi, na Kiswahili chake alijifunzia pwani, kwa hiyo kilinyooka kuliko chetu sisi watu wa milimani. Alimpenda Mungu, hilo nashuhudia. Baada ya Mungu walikuja ndege, na sisi waumini tulikuja baada ya ndege. Akiokota ndege aliyekufa njiani hakumtupa. Alimpasua juu ya meza yangu, akamtoa nyama, akamjaza pamba, akamlaza ndani ya sanduku pamoja na wenzake. Pamba ilichungulia pale palipokuwa na macho. Sanduku lilikaa kwenye rafu, juu ya unga, na kila nilipochota unga nilihisi natazamwa na vitu visivyo na macho.

"Padre," nilimwambia, "hawa ndege wako wananitisha."

"Lakini mama, hawa wamekufa."

"Ndiyo sababu."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatoa mmoja sandukuni, mweusi kichwani, mdomo rangi ya chungwa, akanionyesha kiganjani. Akasema ndege huyu haishi mahali pengine popote duniani ila kwenye vilele vya milima yetu hii, kwenye vipande vya msitu kama kile kilicho juu ya nyumba yangu. Msitu ukiisha, naye amekwisha. Alisema hivyo kwa sauti ya mzazi anayetaja ugonjwa wa mtoto, na tangu siku hiyo sikumsema tena kuhusu lile sanduku.

Sasa msitu huo ulikuwa fighi. Asiyetoka kwetu hawezi kujua uzito wa neno hili. Fighi ni kipande cha msitu kilichofungwa na wazee wa zamani kiwe kinga ya kijiji. Ndani yake hukati mti, huokoti kuni, hupigi kelele, na zaidi ya yote hupigi mluzi, kwa maana anayepiga mluzi anaita, na huko ndani hujui nani ataitika. Fighi yetu ilikuwa na mwamba, mwamba una pango, na pangoni mlikuwa na vichwa. Zamani mzee wetu akifa alizikwa kama watu wote. Baada ya mwaka, nyama ikisharudi udongoni, watu wake walimfukua kwa heshima, wakakichukua kichwa, wakakipeleka pangoni kukaa na wenzake. Kwetu mtu huyo alihesabiwa amehama tu, hajaenda mbali. Vichwa vilipangwa vikitazama nje, kwenye nyumba zetu, na chini ya mwamba huohuo ilitoka chemchemi iliyojaza mifereji yetu yote. Migomba yangu ilikunywa hapo, na watoto wangu pia.

Aliyeitunza fighi alikuwa mjomba wangu, ndugu ya mama. Msimfikirie mzee wa busara. Alikuwa mchoyo, mwenye kisirani, na mlafi wa sukari. Akija kwangu alitia sukari kikombeni mpaka namwondolea bakuli. Hakubatizwa, na mbele ya wageni alijifanya hajui Kiswahili ili watu wa serikali wasimsumbue. Lakini hata walevi wa kijiji walimwogopa. Palikuwa na mtu mmoja aliyekata mti kwenye fighi ujanani, akavunjika akiteremka nao, akachechemea hadi uzee wake. Alipopita mama zetu walitunong'oneza: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Padre yeye aliingia kila siku, darubini shingoni, akipiga mluzi. Aliwaigiza ndege, nao wakateremka kumtazama. Mmojawapo alikuwa kurumbiza, kijidege cha kifua cha rangi ya embe bivu, fundi wa kuiga. Huyo aliiga ndege wenzake wote, akaiga mbuzi, akaiga mtoto anayelia mpaka mama wa watu akatoka shambani mbio. Padre alimpenda sana. Alasiri alirudi, na akifika kwenye lango la misheni alipiga ule mluzi wake wa sauti tatu ili niweke birika motoni. Huo hakuupiga msituni hata siku moja. Ulikuwa wa langoni, ulikuwa wangu.

"Mimi si mbwa, Padre," nilimwambia.

Aliomba radhi kwa unyenyekevu wote. Kesho yake akapiga tena, nami nikaweka birika.

Mjomba alipomsikia kutoka bondeni akipiga mluzi mle ndani, alitema mate. "Anaita," akasema. "Siku moja ataitikiwa."

Tulikuwa pia na katekista, fundi seremala, mtu mwema mwenye mikono yenye nguvu na imani iliyomkosesha usingizi. Vile vichwa vilimwaibisha. Kila Jumapili baada ya misa alimng'ang'ania Padre: babu zetu wako mle kama vyungu visivyouzwa, na sisi tunajiita Wakristo, tunaogopa kuokota hata ukuni. Wapumzike kwenye udongo mtakatifu, na watu waache kuogopa mawe. Padre aliahirisha na kuahirisha. Nadhani moyo wake ulimwambia kitu, ila kinywa cha padre kingesema nini? Kwamba vichwa vikae pale? Mwishowe akakubali.

Tuliingia mchana, tumebeba shuka nyeupe, na ukungu ukawa umeshuka hata mwenye kutangulia hukumwona. Kila mmoja alibeba wa kwao. Mimi nilibeba babu yangu mzaa mama. Alikuwa mwepesi kama kibuyu kikavu, na nilipita nikimwomba msamaha njia nzima kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu. Kando ya kanisa palikuwa pamechimbwa kaburi moja kubwa. Padre alisali, akanyunyiza maji ya baraka, tukaimba. Mjomba alisimama nje ya ua, kofia kichwani.

Katikati ya sala Padre alinyamaza. Sote tuliinua macho tukidhani amesahau maneno. Alikuwa anasikiliza. Ndipo nami nikagundua kwamba msitu ulikuwa kimya. Msitu ule haukujua kunyamaza. Hata kwenye mvua lazima kilie kitu. Siku hiyo hapakuwa na ndege hata mmoja. Padre, kitabu cha sala mkononi, alikunja midomo akapiga mluzi taratibu kuelekea juu, kwenye ukungu. Akangoja. Hakuitikiwa. Niliuona uso wake ukibadilika rangi, nami nikaikaza leso tumboni, kwa maana niliogopa, na sioni haya kusema.

Udongo wa kaburi lile haukuwa umekauka tuliposikia shoka.

Alikuwa katekista. Alikata mti mmoja wa podo atengeneze mabenchi ya kanisa, na miguu yake yote miwili ikabaki mizima. Watu walimtazama kwa juma zima wakingoja achechemee. Hakuchechemea. Basi wakaingia wengine, huyu kuni, huyu makaa, yule mbao za kupeleka Voi. Padre alishtuka kama mtu aliyeamka akakuta nyumba haina mlango. Alihubiri kwamba miti ni ya Mungu, ndege ni wa Mungu, na anayeharibu kazi ya Mungu anatenda dhambi. Watu waliinamisha vichwa kwa adabu. Tulipotoka nje mama mmoja alisema, bila hata kunong'ona, "Mungu ana huruma bwana. Wale babu hawakuwa nayo."

Padre alikuwa nyuma yetu na alisikia. Hakumkemea. Aliingia nyumbani akakaa mezani mbele ya lile sanduku la ndege bila kulifungua.

Alikwenda kwa Bwana DC, akaletewa askari wa msitu. Askari alijua njia ya kwa mama pombe kabla hajajua njia ya msituni. Mfereji wangu ukawa uzi, kisha tope. Halafu yakaanza yale mambo ya shoka. Tulisikia shoka ndani ya ukungu, ko, ko, ko, Padre akapanda mbio na ndevu zake, akafika: hakuna mtu, hakuna mti uliokatwa, hakuna hata kibanzi. Akarudi akisema ni kurumbiza, amejifunza kuiga. Nami nikasema sawa, ni kurumbiza. Lakini siku chache baadaye mti uliangushwa palepale alipokuwa amesimama. Ikatokea tena, na tena. Tulianza kujua mti gani unafuata kwa kusikiliza unakatwa kabla haujakatwa. Mwulizeni mtu yeyote wa rika langu.

Hapo ndipo Padre aliponiambia nimpeleke kwa mjomba. Alibeba sukari, pakiti nzima. Nani alimwambia sijui. Mjomba alikuwa amekaa mlangoni pa zizi la mbuzi, akaipokea sukari, akaiweka nyuma ya mgongo wake mbali na mimi. Alisema lugha yetu ya Kidawida tu. Nikawa mkalimani.

"Mwambie mzee nimekosa," Padre alisema. "Nilitaka kuwaheshimu wale, nikaufungua msitu. Mwulize kama anaweza kuufunga tena."

Mjomba alinusa ugoro wake kwanza. Alisema haiwezekani. Wale wamelazwa kwa maji na maneno, wamelala kweli, naye mlinzi aliyelala ni wa kazi gani.

"Wakifukuliwa tena?"

"Ungependa wewe uamshwe na mtu yuleyule aliyekulaza?"

Padre alikubali kwamba asingependa. Akauliza ni nani basi anayefaa kukaa pale. Mjomba alijibu kwamba hawekwi mtu kwa nguvu. Anakaa mtu mwenye uchungu na mahali, na awe ametaka mwenyewe, na awe ana watu wa kumsemea. Kwenye Wakristo wetu hamwoni mtu wa namna hiyo, wote wanataka kwenda mbinguni.

Mbuzi wakatafuna. Kisha Padre akasema polepole, kwa kile Kiswahili chake cha pwani, "Mwulize kama kichwa changu kinafaa."

Nilikataa. Nilimwambia Padre, hilo silitafsiri, tafuta mkalimani mwingine, na hiyo homa uliyo nayo twende ukalale. Nilikuwa na hasira hadi machozi. Mjomba akaniachia nimalize. Kisha akamtazama Padre usoni, akasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Nimesikia."

Siku zilizofuata Padre alihamia fighi. Alikaa chini ya podo kubwa, lile lililosimama juu ya chemchemi, toka asubuhi hadi alasiri, kwenye umande, kiti chake cha kukunja na darubini. Mtu akija na shoka anamkuta pale, Padre anamsalimu, "Habari za nyumbani," naye mwenye shoka anaona haya anarudi. Lakini kifua kilikuwa kinamharibikia. Nilimpikia uji wa pilipili manga, nikamtishia, nikamnunia. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Alisema, "Mama, acha tu wapate mazoea ya kunikuta."

Alasiri moja nilisikia mluzi langoni. Sauti tatu. Niliweka birika, nikakata mkate, nikamwaga chai kikombeni. Chai ikapoa. Nikatoka nimkaripie, langoni hakuna mtu. Nikasikia tena, mbele kidogo, kwenye njia ya juu. Niliufuata mluzi huo, nikiita "Padre, Padre," na kila nilipokaribia ulisogea. Ulinifikisha kwenye podo kubwa ukakoma. Alikuwa amekaa kitini, mgongo kwenye shina, darubini kifuani. Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi na mgumu kama mpini. Nimeosha maiti nyingi katika maisha yangu, na mwili hauwi vile kwa muda mfupi. Alikuwa amekufa tangu asubuhi.

Juu yangu kurumbiza aliruka kutoka tawi moja hadi jingine. Nilijiambia, ni huyu. Ni huyu tu. Nikateremka kutafuta watu, nami sikugeuka nyuma.

Mapadre walikuja kutoka mbali wakamzika kando ya kanisa, karibu na lile kaburi la babu zetu. Sanduku la ndege walilichukua wakaondoka nalo. Tuliachiwa padre wa kuja mara mojamoja, mimi nikabaki kufagia nyumba na kumpikia akija. Na mluzi ukaendelea. Haukuja kila siku. Ulikuja ukishasahau, alasiri ukungu unapoteremka, nami ningali nimeshika birika ndipo nikumbuke kwamba hakuna wa kunywa.

Waliokata miti walipumzika kwa muda wa matanga, kisha wakarudi. Padre alipotimiza mwaka kaburini katekista alitangaza kanisani kwamba atakata lile podo kubwa la juu ya chemchemi, atengeneze altare mpya, kwa kumbukumbu ya Padre. Watu walipiga makofi. Mimi niliangalia mikono yangu. Mti ule ukianguka, mwamba unabaki wazi, na wakati huo chemchemi ilikuwa imebaki kitu cha kujaza kibuyu tu.

Kesho yake mjomba alikuja jikoni. Hakugusa sukari, ndipo nikajua kuna jambo.

"Mwaka umetimia," alisema. "Yule mzungu mtu wake ni nani?"

"Hana mtu. Ndugu zake wako Ulaya."

"Nani alimpikia?"

"Si unajua ni mimi."

"Nani alimfulia?"

"Mimi."

"Na nani alimgombeza?"

Nikainamia moto, nikauchochea bila sababu.

"Haya basi," mjomba alisema. "Mimi nitachimba. Lakini bila mtu wake kukubali na kumpokea, nitakuwa mwizi wa kaburi."

Nilimwambia amerukwa na akili. Nilimwambia mimi nimebatizwa, na mkono ulionibatiza ndio huo anaotaka nikaufukue. Siku ya ufufuo Padre atainuka vipi bila kichwa? Mjomba akasema alikaa nje ya dirisha la kanisa miaka yote ile, na alimsikia Padre kwa masikio yake akihubiri kwamba hakuna shomoro anayeanguka Mungu asijue. "Mungu wa namna hiyo atashindwa kuijua njia ya pangoni?"

"Lakini naye alilazwa kwa maji na maneno," nikasema. "Wewe mwenyewe ulisema aliyelazwa haamki."

"Wale hatukuwauliza," mjomba alisema. "Tuliwabeba tu, na wewe ulibeba baba yangu. Huyu alisema mwenyewe, mbele yako. Au hukusikia?"

Nilikuwa nimesikia. Ndiyo maana nilikataa kutafsiri. Nilikaa kwenye kigoda changu, na kusema kweli sikuwaza habari za imani. Niliwaza mfereji wenye tope, na watoto wangu wakiteremka na madebe hadi bonde la pili. Niliwaza yule ndege mwenye mdomo wa chungwa. Na zaidi niliwaza yule mzee mgeni kwenye kiti cha kukunja, akikohoa, akisema acha wapate mazoea ya kunikuta. Nikasema ndiyo.

Tulingoja siku ya soko, watu wameteremkia Voi, na mchana huo ukungu ulikuja mzito. Nilileta kitambaa cha meza yake, kile cheupe, nimekifua na kukipiga pasi. Mjomba alichimba. Nilimpa mgongo nikishika rozari, nikisikia jembe, na nikamsikia akisema naye kwa Kidawida, kwa upole ambao sikujua anao. Kisha akaniita. Nikafumba macho, nikanyoosha mikono. Babu yangu alikuwa mwepesi. Padre alikuwa mzito.

Pangoni mjomba alitaka kiwekwe kama desturi, kitazame nyumba zetu, mlinzi amwone anayekuja. Nikakataa. Nilisema huyu hakupenda kutazama watu, alipenda kutazama miti, na mimi ndiye mtu wake. Nilimgeuza atazame podo. Mjomba aliguna, lakini hakukigusa, kwa kuwa neno lilikuwa langu.

Katekista alikwenda na msumeno wake asubuhi ya kazi, yeye na mwenzake. Hata jua halijakata ukungu akanijia jikoni peke yake. Alisimama mlangoni, uso umempauka.

"Mama, nimemsikia," alisema. "Palepale kwenye podo. Si mluzi wa ndege, ni ule wa langoni. Ule wa chai."

Nikamvutia kiti.

"Ni ndege, sivyo? Wewe ulikaa naye, unawajua ndege wake. Niambie ni yule kurumbiza, mama. Ukisema ni ndege mimi nitarudi kazini."

Nilimwangalia. Alikuwa mtu mwema. Ningeweza kumdanganya huku au kule. Nikamwambia ukweli kama nilivyoujua. Nilisema kurumbiza huiga kile alichosikia, na mluzi huo Padre hakuupiga msituni hata siku moja.

Alikunywa chai yake yote. Msumeno aliuacha umeegemea ukuta wa jiko langu, na hakuja kuuchukua tena. Altare waliitengeneza kwa mbao za kununua. Mwaka ule wa pili hapakuingia shoka, wala wa baada yake, na maji yalirudi mferejini kidogokidogo, kwa aibu, kama mgeni aliyeondoka bila kuaga. Yule padre wa kuja mara mojamoja aliniuliza kwa nini Wakristo hawa wanazunguka mbali badala ya kupita njia fupi ya msituni. Nikamjibu kuna umande mwingi.

Ni jambo moja tu lililobaki. Mjomba alianza kuugua, masika yote hakutoka kitandani, hata chombo cha mkojo alishikiwa. Nilikwenda pangoni peke yangu kumfagilia Padre majani. Ilikuwa alasiri. Podo lilikuwa limesimama, na kwenye matawi yake nikamwona yule mweusi mwenye mdomo wa chungwa. Niliinama pangoni na ufagio wangu.

Kichwa kilikuwa kimegeuka. Hakikutazama tena miti. Kilitazama chini, kupita mwamba, kupita kanisa, na nilipofuata macho yake niliona bati la jiko langu na moshi ukitoka.

Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Sikukigeuza tena. Nilifagia, nikateremka nyumbani, nikaweka birika.